Nyuzilandi, Ayalandi au Kroatia: klabu ndogo ya makasia ifuate njia ya nani?

Hili swali naulizwa sana tangu Olimpiki ya Paris 2024 iishe, na wanaouliza ni watu wa aina moja. Mtu ana vijana kumi na wawili hivi wanaopenda maji, ana boti mbili za kuazima, ana bahari au ziwa karibu, halafu ameona kwenye simu nchi isiyofika hata watu milioni nne ikiipiga Uingereza kwenye mita za mwisho na kubeba dhahabu ya makasia, sasa anataka kujua hao wenzetu wanafanyaje ili naye afanye hivohivo. Shida iko hapo kwenye hivohivo. Nchi ndogo zinazoshinda makasia hazifanyi kitu kimoja. Nyuzilandi wako milioni tano na kitu, Ayalandi nao karibu hapohapo, Kroatia ndo hao hawafiki milioni nne, ukiwajumlisha wote watatu hawafikii theluthi ya Kenya, lakini kila mmoja kafika juu kwa barabara yake na kila barabara inadai vitu tofauti kabisa.

Mimi nasimamia vijana wikendi hapa Mombasa, na nishawahi kuchukua mpango wa watu nikaukopi mzima mzima, nitaeleza mbele yaliyonikuta. Kwa hiyo hapa nazipanga nchi hizi tatu bega kwa bega, wewe uangalie ipi inakaa na hali yako.

Vitu vya kupima kwanza

Medali weka pembeni kwanza. Mimi naangalia mambo matano. Maji, yani mnafanyia wapi mazoezi. Watu, wachezaji wanatoka wapi na wanaanza wakiwa na umri gani. Kocha, nani anaamua na atakaa miaka mingapi. Pesa na boti. La mwisho ni pa kuchunga, manake kila njia ina mahali pake inapokatika.

Kwa asiyeujua mchezo: mbio ni mita 2000, unakaa ukiwa umeipa omo, yani mbele ya boti, mgongo, hupaoni unapokwenda, kiti kinateleza kwenye reli na nguvu kubwa inatoka miguuni, mikono inakuja mwisho. Kuna boti ambazo kila mtu ana makasia mawili, moja kila mkono, na kuna ambazo kila mtu anashika kasia moja refu kwa mikono yote miwili. Kwa mbali zinafanana lakini ni fani mbili tofauti, mwili unajipinda tofauti, mizani ya boti ni tofauti. Kumbuka hilo, litarudi tukifika Kroatia.

Nyuzilandi: shule nyingi, ziwa moja

Maji. Kila kitu kinaishia Ziwa Karapiro, karibu na mji wa Cambridge mkoani Waikato. Siyo ziwa la asili, ni mto Waikato umezuiwa na bwawa la umeme maji yakatulia. Ubingwa wa dunia umefanyika hapo mara mbili, 1978 na 2010, na timu ya taifa inafanya mazoezi hapo. Ukiitaka ile jezi nyeusi unahamia huko, hakuna habari ya kujifanyia mazoezi kwenu halafu uje siku ya mashindano.

Watu. Hapa ndo penyewe. Watu wanasimulia mabingwa wa Nyuzilandi wanasahau shule za sekondari. Kuna mashindano yanaitwa Maadi Cup, na jina hilo limetoka Afrika: mwaka 1943, katikati ya vita, askari wa Nyuzilandi waliokuwa kambi ya Maadi pale Cairo walishindana makasia na klabu ya Wamisri kwenye mto Nile, wakashinda, na wale Wamisri wakawapa kombe kwa heshima. Kombe likavuka bahari na tangu 1947 linashindaniwa na shule. Siku hizi ni wiki nzima, mwaka mmoja Karapiro, mwaka unaofuata Ziwa Ruataniwha kule kisiwa cha kusini, na wanafunzi wanaokuja ni zaidi ya elfu mbili. Sasa piga hesabu mwenyewe, nchi ya milioni tano, kila mwaka watoto elfu mbili washashika kasia mbele ya watu na saa inahesabu. Huko ndiko wanakotoka hao tunaowaona Olimpiki.

Kocha. Wana desturi ya kocha mmoja mkali anayekaa muda mrefu. Rusty Robertson ndiye aliyewapa dhahabu yao ya kwanza ya makasia Meksiko 1968, boti ya wanne na mshika usukani, kisha boti ya wanane Munich 1972. Baadaye akaja Dick Tonks na kizazi chake: mapacha Georgina na Caroline Evers-Swindell, Mahe Drysdale, na ile siku ya Gifu, Japani, 2005 ambapo Nyuzilandi walichukua dhahabu nne za dunia ndani ya dakika 45. Wale mapacha fainali yao ya Beijing 2008 mimi nimeirudia sijui mara ngapi. Boti mbili zinavuka mstari pamoja, Wajerumani na wao, mabega yameanguka, hakuna anayejua nani kashinda, inabidi picha ya mstari isomwe, halafu inatoka: sekunde 0.01. Mita elfu mbili nzima, tofauti ni hiyo.

Pesa na boti. Nyingi, na ni za serikali, na zinafuata medali. Mchezo ukileta unapewa, usipoleta unapunguziwa. Makasia yamekuwa yakileta kwa hiyo yamekuwa yakipewa: Tokyo walitoka na dhahabu tatu na fedha mbili, Paris dhahabu moja ya Brooke Francis na Lucy Spoors, wote wawili wakiwa washakuwa mama, pamoja na fedha mbili na shaba moja.

Pa kuchunga. Mfumo huu unachuja watu na kuchuja kunauma. Silaha yao kubwa ni kubadilishana viti: boti mbili za wanne zinashindana, zinasimama, mtu mmoja wa boti hii anahamia ile na wa ile anakuja hii, zinashindana tena, kocha anaangalia saa imesogea vipi na hapo anajua nani anaivuta boti na nani anabebwa. Ni njia ya haki. Lakini inataka uwe na watu wa kutosha, manake kila jibu inalotoa lina mtu anayeachwa nje.

Hapa ndo nilipoanguka mimi. Nilikuwa na vijana kumi na mbili nikawapitisha kwenye viti wiki tatu mfululizo, nimeshika saa na daftari, naona nimekuwa mtaalamu. Jumamosi ya tatu kijana mmoja, viganja vyote malengelenge, hajafunga hata kitambaa, akaniuliza, "Kocha, leo ni nani anaachwa?" Hakuuliza nani anashinda. Mwezi uliofuata walibaki saba. Wenzetu wakiacha mmoja wana elfu mbili nyuma yake, mimi nilikuwa sina hata wa kumi na tatu.

Inawafaa: shirikisho, kaunti au mkoa, mtu mwenye uwezo wa kuziunganisha shule nyingi na kungoja miaka kumi bila kuchoka.

Ayalandi: klabu ya mji mdogo

Maji. Mto. Unaitwa Ilen, unapita Skibbereen huko magharibi ya Cork, mji wa watu kama elfu tatu. Timu ya taifa ina kituo chake Inniscarra, kwenye maji ya bwawa la mto Lee, lakini habari ya Ayalandi inaanzia kwenye huo mto mdogo.

Watu. Majirani, ndugu, watu waliosoma shule moja. Klabu ya Skibbereen ilianzishwa 1970 na haikuwa ya matajiri. Ndugu wawili, Gary na Paul O'Donovan, wakatoka hapo kwenda Rio 2016 wakarudi na fedha, na hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya makasia ya Ayalandi katika historia yote ya Olimpiki. Angalia hiyo vizuri, nchi nzima haikuwa na hata shaba mpaka 2016. Siku chache baadaye Paul akapanda ndege kwenda Rotterdam akachukua ubingwa wa dunia akiwa peke yake kwenye boti. Kisha Tokyo, akiwa na Fintan McCarthy, wa klabu ileile, wakaweka rekodi ya dunia ya 6:05.33 kwenye nusu fainali na dhahabu wakabeba, Paris wakarudia. Katikati ya hayo Paul alikuwa pia anasomea udaktari. Kwenye ile shaba ya kina dada wanne Tokyo, mmoja wao, Emily Hegarty, naye ni wa Skibbereen.

Kocha. Dominic Casey. Huyu mtu alikuwa kocha wa klabu, wa mtaani kabisa, siyo mtu aliyeletwa na mkataba, akawalea hao watoto tangu wadogo mpaka shirikisho la dunia likamtaja kocha bora wa mwaka 2018. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuiga Ayalandi nitachukua huyu, mtu ambaye yupo mtoni Jumanne jioni mvua ikinyesha, mwaka huu na mwaka ujao na mwaka wa ishirini.

Pesa na boti. Mwanzoni kidogo. Na hapa walicheza kwa akili sana: waliingia kwenye uzito mwepesi, ambapo mwanamume hazidi kilo 72.5 na wastani wa boti ni kilo 70. Huko huhitaji jitu la mita mbili na kilo mia. Nchi isiyo na wagombea wengi wenye miili mikubwa ikatafuta mlango ambao miili yake inapita.

Pa kuchunga. Mlango huo umefungwa. Paris ndo ilikuwa mwisho wa uzito mwepesi Olimpiki, kwa hiyo mtu akikwambia twende tukafanye kama O'Donovan, mwambie mbio zile hazipo tena kule. Kilichochukua nafasi Los Angeles 2028 ni makasia ya baharini ya kasi: unaanzia mchangani unakimbia, unarukia boti, unavuta mita 250 ukizungukazunguka maboya, unageuka, unarudi moja kwa moja, unaruka chini unakimbia tena mpaka mwisho. Boti yenyewe ni pana na ngumu, inastahimili wimbi. Mimi nikiyaangalia hayo sioni kwa nini mtoto wa Lamu au Bagamoyo au Nungwi aliyekua akirukia ngalawa asiwe na chake hapo, mchanga anaujua na wimbi analijua. La pili la kuchunga: klabu ya mtu mmoja ikimpoteza huyo mtu inayumba. Ayalandi wamejitahidi kupanua, Paris walipata pia shaba ya Daire Lynch na Philip Doyle ambao siyo wa uzito mwepesi, lakini ilichukua muda.

Na kuna uzi unaotuunganisha nao. Kathleen Noble, mtu wa kwanza kuiwakilisha Uganda kwenye makasia ya Olimpiki, Tokyo na tena Paris, kazaliwa Uganda na wazazi wamisionari kutoka Ayalandi. Alianza kama mwogeleaji, makasia akayakuta chuoni Princeton. Nafasi ya Tokyo aliipata kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika kule Tunisia 2019.

Inawafaa: mji au mtaa mmoja wenye maji, watu wanaojuana, na mtu mzima mmoja aliyeamua kwamba haondoki.

Kroatia: boti moja, miaka mingi

Maji. Jarun, ziwa la kuchimbwa ndani ya jiji la Zagreb, lilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya vyuo vikuu vya dunia ya 1987. Mashindano yale yaliisha, ziwa likabaki, na watoto wa jiji wakapata pa kufanyia mazoezi. Ni hilo tu.

Watu. Wachache. Kwenye makasia Kroatia inajulikana kwa ndugu. Siniša na Nikša Skelin wa Split walichukua fedha Athens 2004. Kisha wakaja Valent na Martin Sinković wa klabu ya Mladost, Zagreb, na hawa ndo wanaonifanya nishindwe kulala usiku wa fainali.

Walianza kwenye boti ya wanne ya makasia mawilimawili, fedha London 2012. Wakahamia ya wawili, na Amsterdam 2014 wakawa watu wa kwanza duniani kumaliza mita 2000 kwenye boti hiyo chini ya dakika sita, 5:59.72. Rio 2016 dhahabu. Sasa mtu wa kawaida akifika hapo angetulia, lakini hawa baada ya Rio waliyaweka yale makasia mawili wakachukua kasia moja moja, yani ile fani nyingine niliyoieleza juu, wakaanza upya mbele ya watu waliokuwa wakiifanya tangu utotoni. 2017 wakawa wa pili duniani, nyuma ya Waitaliano. 2018 na 2019 mabingwa. Tokyo dhahabu. Paris dhahabu tena, na ile ya Paris Waingereza walikuwa mbele mpaka karibu kabisa na mwisho, kisha Wakroatia wakaja, siyo kwa fujo, ukiangalia mabega yao hayabadiliki, boti tu ndo inasogea, wakawapita kwa chini ya nusu sekunde. Dhahabu tatu mfululizo, fani mbili tofauti, watu walewale wawili.

Kocha. Nikola Bralić, kawa nao miaka mingi. Hakuna mengi ya kuongeza hapo, kocha hajabadilishwa na hilo ni jibu tosha.

Pesa na boti. Hapa ndo njia ya bei nafuu kuliko zote. Boti ya wawili uzito wake wa chini kisheria ni kilo 27, ya wanane ni 96, na tofauti ya bei iko hivohivo. Ukiwa na boti moja nzuri, makasia mazuri, mashine moja ya mazoezi ya nchi kavu na nauli ya watu watatu, unaweza kuanza kupeleka watu nje. Usinielewe vibaya, boti moja mpya ya mashindano bado ni pesa ya gari la mtumba, lakini ni gari moja siyo matano.

Pa kuchunga. Pale Paris medali ya makasia ya Kroatia ilikuwa hiyo moja tu. Walikuwa na Damir Martin kwenye boti ya mtu mmoja, ambaye Rio alimaliza muda uleule na Mahe Drysdale wa Nyuzilandi, 6:41.34 wote, picha ikampa Drysdale dhahabu, na Tokyo akapata shaba, kwa hiyo sisemi hawana mtu mwingine. Lakini ukiweka kila kitu kwenye watu wawili, goti moja likiuma msimu umekwisha. Na watoto wanaobaki ufukweni wakiwatazama wale wawili tu wakipanda ndege, watachoka.

Inawafaa: mwenye kipaji kimoja au viwili mkononi saa hizi, pesa kidogo, na kocha asiyehamahama.

Bega kwa bega

Ukitaka matokeo ya haraka Kroatia ndo karibu, ukitaka kina ni Nyuzilandi, ukitaka kitu ambacho mji mzima utakiita chetu ni Ayalandi. Kwa gharama ya kuanzia Kroatia ni chini, Ayalandi katikati, Nyuzilandi juu sana. Kwa kuvumilia kupoteza mtu ni kinyume chake, Nyuzilandi wana wengine. Hamish Bond na Eric Murray wa Nyuzilandi walikuwa mabingwa wa dunia 2007 kwenye boti ya wanne, Beijing 2008 wakamaliza wa saba, na mfumo haukuwatupa, ukawahamishia boti ya wawili wakashinda mbio 69 bila kupoteza hata moja pamoja na dhahabu mbili za Olimpiki. Kitu ambacho nchi zote tatu wanacho ni kocha anayekaa, hapo sijaona tofauti.

Uchague kulingana na ulichonacho

Kama uko kwenye shirikisho au ofisi ya michezo na una sauti kwa walimu wakuu, anza na Nyuzilandi lakini anza na shule, usianze na kituo cha timu ya taifa. Shule sita zenye boti pana za kujifunzia na siku moja ya mashindano kila mwaka, tarehe isiyobadilika, zitakupa zaidi kuliko boti ya wanane inayokaa bandani. Kuchuja kutakuja baadaye.

Kama ni klabu ya mtaa, Kisumu, Mwanza, Tanga, Kigoma, popote, nenda na Ayalandi. Usimwache mtu nje mpaka uwe na zaidi ya thelathini. Tafuta mwenzako mmoja wa kushika zamu ukiumwa. Na kama uko pwani, hizi boti za baharini ziangalie kabla ya zile nyembamba za ziwani, manake mkono wa bahari wa Tudor hapa Mombasa ukiwa na upepo wa alasiri ile nyembamba inajaa maji na mtoto anaogopa, akishaogopa harudi.

Kama una kijana mmoja ambaye ukimtazama tu unajua, njia ni ya Kroatia. Boti ya mtu mmoja ndiyo iliyotufikisha sisi Olimpiki, Matthew Lidaywa Mwange aliivuta kwa niaba ya Kenya Beijing 2008, na Asiya Sururu akafika Paralimpiki ya Tokyo kwenye boti ya mtu mmoja, dada aliyepoteza miguu yote miwili akiwa mdogo sana. Ila huyo kijana wako mpe mwenzake wa kufanya naye mazoezi, hata kama mwenzake huyo hatawahi kusafiri.

Na kama ni mzazi tu, mtoto kakuja nyumbani viganja vimechubuka anasema anataka kurudi kesho, usianze kuuliza nchi gani. Uliza kocha wake kakaa pale miaka mingapi, wenzake wako wangapi, na kama kuna boti ya uokoaji majini wakati wanavuta. Viganja visafishe kwa maji ya chumvi, vitakauka, sugu itaota, kesho arudi.